Kitenzi Kilicholala

Kerubo alipotoka kufua Ijumaa ile mchana, alikuta godoro lake liko koridoni. Halikuwa limewekwa, lilikuwa limetupwa. Mto ulikuwa umefika hadi mlangoni mwa wasichana wa Kinepali, nao walikuwa wakiuruka wakienda jikoni, wakicheka chini chini. Ukitaka kujua kama watu wamekuchoka, usingoje wakwambie. Tazama godoro lako lilipo.

Alisukuma mlango kwa bega, ndoo ya nguo mbichi mkononi. Kilikuwa chumba cha wanne, vitanda viwili vya ghorofa na kabati moja lisilofunga, katika jengo la kampuni ya usafi huko Al Rayyan, kando ya Doha. Wenzake watatu walikuwa wamekaa wakimsubiri. Salma wa Tanga, mwenye miaka arobaini na moja, ndiye aliyewazidi wote umri. Saida wa Unguja ndiye aliyewazidi wote mdomo. Scovia, Mganda, kwa kawaida hakugombana na mtu, lakini leo alikuwa amevuta kiti na kukaa mkao wa shahidi.

"Dada Salma, kwani kuna nini?"

"Usiniite dada." Salma alikuwa ameishika simu mbali na uso, kama wanavyofanya watu wanaohitaji miwani na hawataki kukiri. "Ngoja nikusomee. 'Salma Shekue alichungulia huku na huku. Kisha, machozi yakimtiririka, akatoroka kazini kupitia mlango wa nyuma wa jengo la kifahari katika kisiwa cha The Pearl.' Ni nani huyu?"

"Si ni wewe."

"Mimi nilitoroka?"

"Ni lugha tu, dada, unajua vile makala huandikwa..."

"Mimi nilitoroka, Kerubo? Si wewe uliyeniambia 'nenda, nitakushikia'?"

Ndoo ikamwelemea Kerubo mkono. Akaiweka chini, maji yakamwagikia miguu, na hakuna aliyesogea kumpa hata kitambaa.

Salma alisema kweli tupu. Jumanne ya wiki iliyopita ilisomwa hitma ya mama yake, aliyefia Muheza na kuzikwa bila yeye. Salma alikuwa ameomba ruhusa ya alasiri moja kwa Herbert, msimamizi wao, Mkenya wa Kitale, naye akamjibu, "Mamako alizikwa bila wewe. Sasa maombi ndiyo yatashindikana?" Basi Kerubo, aliyekuwa akisafisha ghorofa ya juu yake, akafanya wanavyofanyiana wafagiaji wote wa jengo lile: akamshikia zamu. Akapiga deki ghorofa yake na ya Salma. Jioni akasaini karatasi ya mahudhurio mara mbili, mara moja kwa jina lake, mara moja kwa jina la mwenziwe. Salma akaenda Al Thumama, nyumbani kwa Rashidi, dereva wa kwao Tanga, wakasoma hitma simu ikiwa wazi juu ya mto ili Muheza wasikie. Alfajiri ya Jumatano alikuwa kwenye ghorofa yake na dekio mkononi. Hakuna aliyejua kitu, mpaka Kerubo alipoandika.

"Na hayo machozi uliyatoa wapi?" Salma aliuliza. "Mimi nilikuwa natafuna biskuti. Nilikuwa sijala tangu alfajiri."

"Na huo mlango wa nyuma?" Saida akadakia. "Kwani siye tuna mlango gani mwengine? Lini umemuona mfagiaji kapita mlango wa mbele pale? Ushamfanya mwenzio mwizi, bibi wee!"

"Nilitaka wasomaji waone..."

"Washaona," Salma alisema, akamgeuzia simu. Herbert alikuwa amempelekea picha ya aya ile ya kwanza, na chini yake maneno machache: Jumapili saa mbili asubuhi, ofisini kwa mandubu. Uje na kitambulisho.

Mandubu ndiye karani wa kampuni anayeshika makaratasi yote ya wafanyakazi mbele ya serikali. Huitwi kwake na kitambulisho ili upewe chai. Scovia alivuta pumzi kwa meno, akatazama dirishani.

"Kitu kimoja tu niambie," Salma alisema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka, ambayo ilikuwa mbaya kuliko ilipokuwa juu. "Nilikubali uniandike kwa sababu uliniambia jina la mama yangu litasomwa na watu. Nimesoma mara tatu. Liko wapi?"

Halikuwemo. Kerubo alikuwa amelitoa yeye mwenyewe.

*

Kerubo alikuwa akisomea diploma ya uandishi wa habari kwa simu, katika chuo kimoja cha Nairobi. Mwalimu wake, Athanas, alifundisha kwa ujumbe wa sauti, na alikuwa mtu wa dhihaka. Mara ya kwanza Kerubo aliiandika hitma kama habari, mistari mitano, nani na nini na wapi na lini: Mfanyakazi mmoja wa usafi mjini Doha aliondoka kazini Jumanne kwenda kwenye hitma ya mamake.

"Kerubo," mwalimu akamjibu, "hii ni habari ama ni risiti? Iandike upya kama makala. Nipe mtu, nipe jina, nipe mlango aliopitia. Halafu kitenzi chako kimelala. 'Aliondoka.' Kila mtu huondoka! Kiamshe hicho kitenzi."

Kerubo akapanda kitandani kwake na kukiamsha kitenzi. Akafuta "aliondoka", akaweka "alitoroka", na moyo ukamruka kwa furaha, kwa sababu sentensi ilisimama. Shuleni kwao Nyamira, kutoroka kulikuwa kupita chini ya ua saa ya masomo ya jioni kwenda kununua mandazi. Lilikuwa neno la kuchekewa. Lakini Doha neno hilo lina kesi. Waarabu huliita huruubu: kampuni ikiripoti kwamba umetoroka, kitambulisho chako kinakufa mfukoni, na askari yeyote anaweza kukuchukua barabarani. Kerubo alilijua hilo kama anavyolijua kila mfanyakazi, na alikuwa amelisikia kwa Kiarabu mara nyingi. Ila alipoandika, aliandika kwa Kiswahili cha kwao, akasahau amekaa nchi gani.

Na mwenyewe akajitoa. Mwalimu alikuwa amefundisha kwamba mwandishi hajiandiki, kwa hiyo yule aliyesema "nenda, nitakushikia" akawa hayumo. Jina la marehemu nalo likatoka, maana majina mengi humchosha msomaji. Mwalimu akamsifu mpaka sauti ikapasuka: "Sasa unaandika!" Chuo kikaiweka makala kwenye tovuti yake, na Kerubo akakaa siku mbili akiisoma na kuisoma, akijiona amefika.

Herbert naye aliisoma, kwenye kundi la Wakenya. Akaipiga picha aya ya kwanza tu, akampelekea mandubu, na mandubu akaipitisha kwenye simu inayofasiri. Mashine haijui mandazi ya Nyamira. Ilileta neno moja la Kiarabu, lile lile.

*

Jumamosi asubuhi Herbert aliwapanga kwenye stoo ya chini ya jengo, kati ya ndoo na mapipa ya sabuni. Walikuwa kumi na mmoja. Alikuwa amevaa tai, joto lote lile.

"Nani alimsainia Salma Jumanne?"

Feni ya stoo iligeuka mara mbili.

"Sawa. Mama Salma, kuja hapa mbele." Salma akasogea. "Mimi si mtu mbaya. Ukinipea jina, naongea na mandubu ikuwe onyo tu. Ukikataa, kesho ni huruubu, na hiyo si mimi, imeandikwa na rafiki yako mwenyewe. Jina moja tu. Nani alikushikia?"

Salma aliyatazama madekio yaliyoegemezwa ukutani, moja moja, kana kwamba anayahesabu. Kerubo alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yake, akiuona ukosi wa sare yake ulivyolowa jasho.

"Sina jina la kukupa," Salma akasema.

"Mandubu hatakubembeleza kama mimi."

"Asinibembeleze."

Herbert akacheka, akamgeukia Kerubo. "Na wewe, bingwa wa kuandika? Wewe unajua kila kitu, mpaka mlango amepitia. Hujui nani alibaki na ghorofa yake?"

Hapo ndipo Kerubo alipopaswa kusema. Aliufungua mdomo. Kichwani aliona kitambulisho chake, na diploma ambayo bado alama moja tu ya makala kuimaliza, na mama yake Nyamira akiwaonyesha majirani simu yenye makala ya binti yake. Akaufunga mdomo. Alijiona uchafu, na alikuwa uchafu, hakuna namna nzuri ya kulisema.

"Haya, rudini kazini," Herbert alisema. "Na wewe mwandishi, choo cha wageni kimeziba. Nenda ukakiandikie makala."

Wengine wakacheka, kwa sababu msimamizi akifanya mzaha lazima ucheke. Salma alipompita Kerubo mlangoni alisimama kidogo tu.

"Usidhani nimekuficha kwa mapenzi," alisema bila kumtazama. "Mimi si wewe. Mimi siwatoi watu."

*

Alasiri, akiwa amekaa juu ya godoro lake koridoni, Kerubo alimpigia mwalimu Athanas.

"Nataka tuandike masahihisho, mwalimu."

"Masahihisho ya nini? Hiyo ni kazi yako bora!"

"Ile neno nilitumia. Ya kutoroka. Hakutoroka."

"Kerubo, neno moja! Chuo kijiaibishe kwa neno moja? Basi tutaondoa jina lake, yaishe."

"Washapiga picha tayari. Nataka niseme ukweli, kwamba ni mimi nilimshikia zamu."

Mwalimu akashusha pumzi ndefu. "Mwandishi hajiandiki. Ukijiingiza humo, huo si uandishi tena. Hicho ni kiapo."

"Basi ni kiapo," Kerubo akasema, na simu ikakatika, au ilikatwa.

Akaandika kwenye karatasi ya daftari, akafuta, akaandika tena. Kisha akaingia chumbani bila kubisha, maana bado kilikuwa chumba chake kwa karatasi ya kampuni. Akasoma akiwa amesimama.

"'Imebainika kwamba siku ya Jumanne, zamu ya Bi Salma Shekue ilishikwa na mwenzake...'"

"Imebainika na nani?" Saida alikuwa akikata vitunguu, na hakuinua kichwa. "Na huyo mwenzake ni mtu au jini? Jini hapigi deki, mwanangu."

Kerubo akakata mstari, akaandika juu yake. "'Zamu yake ilishikwa na mwandishi wa makala hii.'"

Salma alikuwa amelala, amewapa mgongo, wote wakidhani kasinzia. Akasema akiutazama ukuta, "Mwandishi ni nani? Mandubu anamjua mwandishi?"

Kerubo akaitazama karatasi. Miaka miwili alikuwa amejifunza kujificha: nyuma ya "ilifahamika", nyuma ya "vyanzo", nyuma ya "mwandishi wetu", na juzi nyuma ya machozi ya mwanamke aliyekuwa akitafuna biskuti. Kila aina ya uandishi aliyofundishwa ilikuwa na pazia lake. Akakata tena, akaandika.

"'Nilimshikia mimi,'" akasoma. "'Kerubo Moraa.'"

Kisu cha Saida kilisimama. Scovia ndiye aliyesema, polepole. "Kerubo, unajua hiyo itakukata wewe? Kusaini jina ya mtu mwingine hapa ni kurudi nyumbani. Hakuna onyo."

"Najua."

Hakuna aliyemwambia asifanye. Saida alirudi kwenye vitunguu vyake. "Mchuma janga hula na wa kwao," alisema. "Afadhali huyu kakumbuka kula la kwake."

Usiku huo pia Kerubo alilala koridoni.

*

Jumapili saa mbili, mandubu alikuwa nyuma ya meza yake, mzee mwenye miwani ya kusomea na kikombe cha kahawa kilichopoa. Salma alikuwa amesimama mbele yake na kitambulisho mkononi. Herbert alikuwa pembeni akifasiri, akijikuna shingo chini ya tai. Kerubo aliingia bila kuitwa.

"Wewe unataka nini? Toka!" Herbert alisema.

Kerubo akaiweka karatasi juu ya meza, mbele ya mandubu. Ilikuwa imeandikwa hivi:

Salma Shekue hakutoroka. Jumanne saa nane mchana alikwenda kwenye hitma ya mama yake, Bi Mwanaidi binti Kombo, baada ya kunyimwa ruhusa. Nilimwambia aende, nitamshikia zamu. Nilipiga deki ghorofa ya kumi na tatu na ya kumi na nne, na jioni nikasaini jina lake. Mimi ndiye niliyeandika kwamba alitoroka. Nilikosea neno. Kerubo Moraa.

"Mudiri, hii si lazima usome, hawa ni marafiki wanasaidiana..." Herbert alianza kwa Kiarabu, akimwita bosi, lakini mandubu alikwisha inua simu yake juu ya karatasi. Akangoja. Maneno ya Kiarabu yakatokea, akayasoma huku midomo ikichezacheza. Safari hii mashine haikuwa na pa kukosea. Maneno yalikuwa yamelala yote, na kila moja lilikuwa mahali pake.

Akasimama kwenye jina. Akamtazama Salma juu ya miwani, akamuuliza kwa Kiarabu, mama yako?

"Ummi," Salma akajibu, kwa Kiarabu chake cha madrasa, cha utotoni.

"Mwanaidi," mzee akasema, akilitafuta jina kwa ulimi wake. "Allah yarhamha." Mungu amrehemu.

Salma, ambaye hakulia Jumanne, ambaye hakulia stooni, aliufunika uso kwa ncha ya mtandio wake. Mandubu akamgeukia Herbert, kidole kikiwa penye maneno ya kunyimwa ruhusa, na kumwuliza jambo fupi, na Herbert, aliyekuwa mwepesi wa kufasiri asubuhi yote, hilo hakulifasiri. Alitazama viatu vyake.

Lakini huruma ya ofisi ina mpaka, na mpaka wake ulikuwa pale pale mezani. Mzee alimrudishia Salma kitambulisho chake. Kisha akavuta faili jingine, akalifungua penye picha ya Kerubo, akagonga kwa kidole mstari wa mwisho wa karatasi, pale palipoandikwa nikasaini jina lake.

"Hii, khalas," alisema, na hilo halikuhitaji mfasiri. Tiketi ilikuwa ya Alhamisi.

*

Jioni ile Kerubo alikuta godoro lake limerudi kitandani. Hakuna aliyesema nani kalirudisha, na hakuuliza. Hawakumsemesha pia. Sahani yake ya ubwabwa iliwekwa mezani imefunikwa, mbali na zao.

Alikuwa amempelekea mwalimu Athanas nakala ya karatasi. Jibu lilikuja Jumatatu. "Nimeisoma, Kerubo. Hakuna kivumishi hata kimoja. Sijui niiweke chini ya aina gani. Si habari, si makala, si tahariri. Siwezi kuipa alama." Ujumbe ukaendelea kimya kwa sekunde kadhaa, kama mtu aliyesahau kuachia kitufe, halafu ukaisha. Kerubo hakuhisi kwamba amefeli, na jambo hilo lilimshangaza.

Jumatano bado alikuwa kazini, maana kampuni haikuachii siku hata moja inayokudai. Saa saba na nusu akapigiwa simu: aje ofisini kusaini karatasi za kuondoka kabla ya saa tisa, la sivyo tiketi ifutwe. Akamtafuta Herbert, akampata kwenye lifti ya mizigo.

"Zamu ni zamu," Herbert alisema. "Utaenda jioni."

"Jioni kumefungwa. Ni ofisi yenyewe imeniita, bosi."

"Na ghorofa ya kumi na nne itapigwa deki na nani? Na makala?" Milango ikafunga, na Kerubo akaachwa akiitazama sura yake kwenye chuma.

Alirudi juu kwa ngazi. Salma alikuwa amesimama mwisho wa ukumbi, ndoo mkono huu, dekio mkono huu. Alikuwa amepanda kutoka ghorofa yake. Siku tatu alikuwa hajamsemesha, na hata sasa uso wake haukuwa wa mtu aliyesamehe.

"Nimesikia," Salma alisema. "Sauti ya yule inapanda ngazi yenyewe."

"Ni sawa tu, dada. Nitajaribu kuwapigia..."

"Nenda. Nitakushikia."

Kerubo akasimama pale pale.

"Sisaini jina lako," Salma akaongeza. "Hilo nimejifunza kwako. Deki tu." Akalichovya dekio, akalikamua, akaanza kwenye kona bila kumtazama. Alikuwa amefika katikati ya ukumbi aliposema tena, mgongo ukiwa kwake. "Na siku utakapoliandika hili, maana nakujua, utaliandika, sema hivyo hivyo nilivyosema. Usiniongezee machozi."

Kerubo alivua glavu, akazitundika kwenye mpini wa kikapu chake cha sabuni. Aliteremka kwa lifti ya mizigo mpaka chini, akapita stoo, akatokea mlango wa nyuma. Hakuchungulia huku wala huku. Hakuna aliyekuwa akitoroka. Ndio mlango waliopewa.